Jeni kuwashwa si samaki kupona

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Sina mazoea ya kuandika magazetini. Kazi yangu ya miaka 31 ilikuwa ya kukaa kimya na kuangalia saa. Nimestaafu, macho yamechoka, lakini ile habari yenu ya ukurasa wa sayansi kuhusu samaki na virusi niliisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi.

Kichwa cha habari kilisema jeni za kinga za samaki "zimewashwa" dhidi ya kirusi, na aya ya kwanza ikahitimisha kwamba samaki hao sasa wako salama. Aya ya nne, kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine, ikasema samaki ni kiumbe wa damu baridi asiye na kinga ya maana, akiambukizwa hukaa tu akisubiri siku yake. Habari moja, madai mawili yanayopingana, na yote mawili yana kasoro.

Nilikuwa fundi sanifu katika maabara ya protini. Sikuwa mtafiti mwenye jina lililobandikwa mlangoni. Mimi ndiye niliyesaga ini, bandama na figo za samaki zilizogandishwa, nikamimina jeli, nikaitia rangi, nikakata madoa kwa ncha ya kisu na kuyatia kwenye vichupa. Nitasema yale ambayo mikono yangu inayajua, na machache niliyoyasoma nikisubiri jeli ikauke.

Kwanza hilo neno. Kuwashwa, katika Kiswahili nilichokulia, ni kutaka kujikuna. Lakini tuliache, nimeelewa mwandishi alikusudia taa. Tatizo langu ni kwamba taa yenyewe haijawaka. Jeni ni maandishi yaliyohifadhiwa kwenye kiini cha seli. Seli ikitaka kuyatumia hunakili kipande chake kuwa RNA, yaani ujumbe, na ujumbe huo hupelekwa kwenye ribosomu, ambako asidi amino huunganishwa moja baada ya nyingine mpaka protini itoke. Walichopima watu wa habari yenu ni ujumbe. Ujumbe haujawahi kumzuia kirusi yeyote mlangoni. Kumpelekea fundi cherehani kitambaa na vipimo si kuvaa suti, na kila aliyewahi kuwa na fundi cherehani anajua yanayotokea hapo katikati.

Hapo katikati ndipo nilipoishi miaka 31, na ndipo penye utamu, hasa samaki anapoambukizwa. Moja ya hatua za mwanzo kabisa za seli ya samaki iliyovamiwa ni kukifunga kiwanda chake yenyewe. Kuna protini inaitwa PKR. Binadamu tunayo, samaki anayo. Hukaa imelala ndani ya seli. Virusi vingi vinapojinakili huacha RNA yenye nyuzi mbili ndefu, kitu ambacho seli yenye afya huwa haina kwa wingi. RNA hiyo ikiigusa PKR, inaamka na kubandika fosfati, alama ndogo ya kikemikali, juu ya protini nyingine iitwayo eIF2α. Ni fosfati moja tu, mahali pamoja pale pale. Lakini baada ya hapo ribosomu zinashindwa kuanza kazi mpya, na utengenezaji wa protini unaporomoka seli nzima. Kirusi hakina ribosomu zake. Kinategemea za mwenyeji. Kwa hiyo mwenye nyumba anavunja jiko lake ili mvamizi asipikie. Ni kujinyima kwa kweli, na mara nyingine seli hufa kwa njaa hiyo hiyo.

Samaki wa jamii ya kapi na samoni wamejiongezea hata ndugu wa pili wa PKR, anaitwa PKZ, ambaye sisi binadamu hatuna. Huyu hutambua nyuzi zilizojisokota kuelekea kushoto badala ya kulia, umbo linaloitwa Z. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilifurahi bila sababu, kama mtu aliyeambiwa jirani yake mnyonge ana mkanda mweusi wa karate.

Sasa, Mhariri, hebu fikiria umeingia kwenye seli hiyo siku kiwanda kimefungwa. Ukipima ujumbe utaukuta umejaa tele, jeni za kinga zinanakiliwa kama karatasi za uchaguzi. Ukipima protini utakuta nyingi hazijaongezeka, na nyingine zimepungua. Nani mkweli kati ya vipimo viwili? Vyote viwili, ila kila kimoja kinajibu swali lake. Mwandishi wenu alichukua jibu la swali la kwanza akalibandika kwenye swali la pili.

Kuna na upande wa pili wa jambo hilo hilo. Yako mambo ambayo samaki huyafanya dhidi ya kirusi bila ujumbe mpya hata mmoja. Ile fosfati ya eIF2α ni mfano. Mwingine ni protini inayoitwa IRF3, ambayo tayari imo ndani ya seli ikizurura. Dalili za kirusi zikipatikana, hubandikwa fosfati, hushikana wawili wawili na kuingia kwenye kiini kwenda kuamsha jeni nyingine. Ukipima ujumbe wa IRF3 peke yake unaweza kuandika kwamba hakuna kilichotokea, wakati vita vimeshaanza.

Kwenye jeli mambo haya huonekana kwa macho. Jeli zetu zilikuwa za pande mbili, mbinu ambayo Patrick O'Farrell aliichapisha mwaka 1975. Unazitenga protini kwanza kwa chaji zao, kutoka upande wa asidi hadi upande wa besi, kisha unaigeuza na kuzitenga tena kwa ukubwa. Ukishaitia rangi ya buluu au fedha unapata karatasi laini yenye madoa mamia, kila doa ni protini, na ukikaa nazo miaka unazijua kama mtu anavyozijua nyota. Fosfati ina chaji hasi. Protini ikibandikwa fosfati, doa lake linasogea kuelekea upande wa asidi, ambao sisi tuliuweka kushoto. Protini ni ile ile, kiasi ni kile kile, lakini doa limehama. Nimewahi kuwaita vijana waje waone doa lililohama milimita chache kati ya jeli ya samaki mzima na jeli ya samaki mgonjwa, na wakaniangalia kama nimewaita kuja kuona rangi ikikauka. Lakini milimita zile ndizo habari yenyewe.

Nikubali pia udhaifu wetu, nisije nikaonekana najipigia debe. Jeli huona vikubwa. Ukisaga ini au misuli ya samaki, sehemu kubwa ya unachopata ni protini za kawaida za kujenga na kulisha seli, na hizo hufunika zile adimu. Interferoni, ambayo ndiyo kengele ya hatari ya samaki, sijawahi kuiona kwenye jeli hata siku moja katika maisha yangu ya kazi. Ipo, lakini ni chache mno. Tulichoona sisi baada ya maambukizi ni mambo ambayo hayapendezi kwenye vichwa vya habari: aktini na tubulini, yaani nguzo za seli, zimebadilika, vimeng'enya vya kuvunja sukari vimepanda au vimeshuka, protini za kukunja upya zilizokunjika vibaya, zile za ukoo wa HSP70, zimeongezeka. Wageni wakija walikuwa wanauliza, "Na kinga iko wapi?" Nilikuwa nawajibu kwamba hiyo ndiyo nyumba inavyokuwa wakati wa vita. Askari ni wachache. Wengine wote wanahamisha samani, wanazuia madirisha na kupunguza chakula. Na baadhi ya samani zinahamishwa na adui, maana kirusi nacho hutumia nguzo za seli kusafiria.

Na kuna aibu moja ambayo nadhani muda wake wa kufichwa umekwisha. Mwaka wangu wa pili nilipata doa zuri sana, jeusi, ambalo lilionekana kwenye jeli za samaki walioambukizwa tu. Nikalikata. Tukalilowesha usiku kucha kwenye tripsini, kimeng'enya kinachokata protini kila kinapokuta lisini au arginini, na vipande vikapelekwa kwenye spektromita ya tungamo, mashine inayopima uzito wa vipande hivyo kwa usahihi wa ajabu ili ulinganishe na orodha za protini zinazojulikana. Nilisubiri jibu kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Jibu likaja: keratini ya binadamu. Lilikuwa ngozi ya kidole changu. Nikavaa glavu mbili, nikarudia. Safari hii ikaja keratini ya kondoo. Nilikuwa nimevaa sweta. Tangu siku hiyo, nikisoma kwamba protini mpya ya ajabu imegunduliwa, swali langu la kwanza ni mgunduzi alivaa nini.

Kengele yenyewe, interferoni, ina historia ambayo samaki wana sehemu kubwa kuliko watu wanavyodhani. Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliieleza mwaka 1957 jijini London, kwa kutumia utando wa mayai ya kuku na kirusi cha mafua kilichouawa kwa joto. Mwaka 1973 Pierre de Kinkelin na Michel Dorson wa Ufaransa walionyesha kwamba trauti, samaki wa jamii ya samoni, walioambukizwa kirusi cha Egtved, ambacho leo tunakiita VHS, nao hutoa interferoni kwenye damu. Ona: walipima kazi ya protini, uwezo wa majimaji yale kuzilinda seli nyingine, miaka 30 kamili kabla jeni zake za samaki hazijasomwa, kwani hizo zilipatikana mwaka 2003. Protini ilitangulia, jeni ikafuata. Na walikuwa na seli za kupimia kwa sababu mwaka 1962 Ken Wolf na mwenzake Quimby walikuwa wameshafanikiwa kuotesha seli za viungo vya uzazi vya trauti kwenye chupa, zikawa ukoo wa kwanza wa kudumu wa seli za samaki. RTG-2 ni jina lake. Nimezilisha seli hizo Jumamosi na Jumapili kwa miaka mingi kuliko nilivyolisha baadhi ya wanangu.

Interferoni ikitoka kwenye seli iliyoumia huenda kugonga mlango wa seli jirani ambazo hazijaambukizwa bado. Jirani akisikia, anatengeneza silaha kabla adui hajafika. Silaha niliyoipenda kuliko zote ni Mx. Lindenmann yule yule aliripoti mwaka 1962 kwamba panya wa ukoo uitwao A2G hawafi kwa mafua yanayowaua panya wengine, na baadaye siri yao ikajulikana kuwa ni protini hii. Samaki wanayo, wengine zaidi ya moja. Ina uzito wa kilodalton 70 na kitu, hula GTP, kemikali ya nishati ya seli, kama mafuta yake, na hushikana yenyewe kwa yenyewe kuwa pete. Kwa kutumia kingamwili unaweza kuifanya ionekane kama mstari mmoja mweusi kwenye utando mweupe. Nilichojifunza kwa mistari hiyo ni subira. Ujumbe wa Mx hupanda mapema na kushuka mapema. Mstari wa protini huchelewa kuja, na ukishakuja hubaki siku nyingi baada ya ujumbe kupotea. Anayepima ujumbe siku ya pili atasema kinga imefika kileleni. Anayepima ujumbe wiki mbili baadaye anaweza kusema kinga imezimika, na samaki huku amejaa silaha tele.

Silaha ya pili naitaja kwa sababu ya fahari, si kwa sababu ya hoja. Mwaka 1999 Pierre Boudinot na wenzake, wakichunguza trauti na kirusi cha VHS, walikuta jeni mpya wakaiita vig-1. Wakatazama kwa binadamu, wakamkuta ndugu yake. Mwaka 2001 yule wa binadamu akapewa jina la viperini, na jina hilo ndilo linalotumika sasa kwa wote. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua hasa inafanya nini, mpaka 2018 ilipoonyeshwa kwamba viperini ya binadamu huchukua CTP, moja ya herufi nne za kujengea RNA, na kuibadilisha kidogo tu. Kirusi cha aina fulani kikiiokota herufi hiyo mbovu na kuiweka kwenye mnyororo wake, mnyororo unakatikia hapo. Ni kimeng'enya kinachotengeneza tofali bovu kwa makusudi. Basi tunapowaita samaki viumbe wasio na kinga ya maana, tukumbuke kwamba silaha hii ilisomwa vizuri kwa trauti kabla ya kupewa jina kwa mtu.

Mwandishi wenu pia alisahau damu. Seli nyekundu za damu yetu hazina kiini. Zikishakomaa hazisomi jeni yoyote. Za samaki zina kiini, na zinaweza kutambua kirusi na kutengeneza protini za kujihami, Mx ikiwemo. Samaki ana jeshi la akiba linalozunguka kwenye kila mshipa. Bila shaka adui analijua hilo: kirusi kinachoitwa PRV, kinacholeta ugonjwa wa moyo na misuli kwa samoni, hukaa humo humo kwenye seli nyekundu.

Nije sasa kwenye "damu baridi", neno lililonikera kuliko yote. Ni kweli samaki wengi hawawezi kupandisha joto la mwili kutoka ndani. Ni kweli pia kwamba kwenye maji baridi kingamwili zao huchukua wiki nyingi kujengeka, ndiyo maana ile kinga ya haraka ya interferoni ina uzito mkubwa kwao. Lakini kukosa tanuri si kukosa homa. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi juu ya kapi walioambukizwa kirusi cha malengelenge cha koi (kapi wa mapambo), CyHV-3. Waliwekwa kwenye tangi lenye vyumba vilivyounganishwa, maji yakiwa na nyuzi joto 24 za Selsiasi upande mmoja na 32 upande wa mwisho. Kapi wagonjwa waliogelea wenyewe kwenda kwenye maji ya moto, wakakaa, wakapona. Waliofungiwa kwenye nyuzi 24 walikufa. Homa ya samaki iko kwenye mapezi yake.

Na kinachomwambia aogelee ni protini. Inaitwa TNF-alfa, ile ile inayohusika na homa yetu sisi. Kapi walipodungwa kingamwili za kuizuia, hamu ya kwenda kwenye joto ilipungua na vifo vikaongezeka. Hapa kirusi kinaonyesha ujanja wake. CyHV-3 ni kikubwa, kina takriban jeni 155, na moja kati ya hizo, ORF12, inatoa protini inayoelea nje ya seli ikijifanya mlango wa TNF-alfa. TNF-alfa ya samaki inanasa humo na ujumbe haufiki. Homa inachelewa, kirusi kinapata muda wa kuzaliana. Sijui kama kuna mfano mzuri kuliko huu wa vita ya protini kwa protini: mnyama mzima, mwenye macho na mkia, anabaki kwenye maji yasiyomfaa kwa sababu ya chambo asichokiona.

Virusi vidogo navyo havibaki nyuma. VHS ina jenomu, yaani maandishi yake yote ya jeni, ya herufi 11,000 hivi na protini sita tu. Samaki pundamilia, ambaye jenomu yake ilichapishwa mwaka 2013, ana zaidi ya jeni 26,000 za kutengeneza protini. Sita dhidi ya maelfu, na bado mara nyingi sita hushinda. Moja ya zile sita, NV, haimo hata kwenye mwili wa kirusi chenyewe. Hutengenezwa ndani ya seli tu, na kazi yake ni kuivuruga kinga ya interferoni. Binamu yake, kirusi cha IHN cha samoni na trauti, kina protini M inayozima unakili wa jeni za mwenyeji. Nao ranavirusi, kundi la virusi vya samaki na vyura, wamebuni nakala bandia ya ile eIF2α, wanaitupa mbele ya PKR kama mfupa kwa mbwa. Kwa hiyo hata siku ambayo jeni "zimewashwa", yupo mtu wa pili ndani ya chumba anayegombea swichi.

Msinielewe vibaya, siwachukii watu wa jeni. Mfano ninaoupenda kuwapa ni wa samoni na kirusi cha IPN, kinachoharibu kongosho. Ilishajulikana, kwa kazi zilizofanywa Norwei na Uskoti, kwamba sehemu moja ya jenomu ndiyo inayoamua kwa kiasi kikubwa nani anakufa na nani anapona. Huo ulikuwa ushindi wa jeni. Mwaka 2015 kikatajwa chanzo, kadherini ya epitheli, protini ya uso wa seli ambayo kirusi hujishikiza. Maelezo matamu, ya mlango na kitasa, na mimi niliyaamini kabisa. Mwaka 2021 watafiti wengine wakaja na ushahidi kwamba jeni yenye kubeba lawama ni jirani yake, nae1, ambayo protini yake hushughulika na kuzibandika protini nyingine alama ndogo ndani ya seli. Ramani ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kilichogombewa ni nani hasa kati ya wakazi wa mtaa ule anafanya kazi, na hilo ukiwa na ramani peke yake huwezi kulijua.

Hata chanjo ya DNA dhidi ya IHN, iliyoruhusiwa Kanada mwaka 2005, inafanya kazi kwa kuiingiza jeni ya protini moja ya kirusi, glaikoprotini ya G, kwenye msuli wa samaki ili msuli wenyewe uitengeneze. DNA pale ni bahasha. Kinachouamsha mwili, kwanza kwa interferoni ndani ya siku chache na baadaye kwa kingamwili, ni protini iliyotoka kwenye bahasha.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Siku nyingine mwandishi wenu akiletewa habari ya namna hii, amuulize mtafiti alipima nini: ujumbe, au protini, au kama samaki alikufa. Amuulize pia ni saa ngapi au siku ngapi baada ya maambukizi, na kwenye kiungo gani, maana figo ya mbele ya samaki, ambako damu yake hutengenezwa, na msuli wake ni nchi mbili tofauti. Na asiache kuuliza maji yalikuwa na nyuzi ngapi. Trauti mwenye VHS kwenye maji ya nyuzi 10 na trauti yule yule kwenye nyuzi 18 hawana kesi moja. Kirusi hicho hupenda baridi. Akijibiwa hayo, hata kama ameandika aya tatu tu, mimi nitaikata habari yake niihifadhi pamoja na jeli zangu kavu, ambazo bado ninazo kwenye bahasha kubwa chini ya kitanda, ya keratini ikiwa juu kabisa.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Fundi sanifu mstaafu

N.B. Picha mliyoipamba nayo habari hiyo ni ya pomboo. Pomboo ni mamalia: ana mapafu, hunyonyesha, na damu yake ina joto kama yako.